Shajara ya mradi: magofu ya Kilwa kwa watoto wote

Januari

Ruhusa ya kuwapeleka watoto Kisiwani imetoka. Barua zilizotangulia sitazisimulia. Aliyewahi kufuatilia barua anajua. Kilichobaki mezani ni sharti moja: lipu ya kale na nakshi haziguswi.

Sharti lenyewe ni la haki. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na yakatolewa humo mwaka 2014, baada ya kazi kubwa ya kuimarisha kuta na kupunguza nguvu ya mawimbi ufukweni. Lipu ya karne ya 14 haiwezi kuvumilia vidole vya shule nzima. Lakini kundi letu lina watoto wasioona, na mtoto asiyeona ukimwambia asiguse umemwambia abaki nyumbani. Kazi yetu ya mwaka huu iko hapo katikati.

Kwa anayesoma shajara hii mara ya kwanza: sisi ni walimu wa shule ya msingi hapa Kilwa Masoko, shule yenye kitengo cha elimu maalumu. Wapo watoto wasioona na wenye uoni hafifu, wapo viziwi, wapo wenye ulemavu wa viungo na wa akili. Mradi umewachanganya na wenzao wa madarasa ya kawaida, makundi madogo madogo, kila kundi na mchanganyiko wake. Tunataka mwaka ukiisha watoto hao ndio waongoze wageni magofuni. Mtoto wa Masoko huyaona magofu akiwa gatini, ng'ambo ya mlango wa bahari wa kilomita mbili hivi, na wengi hufika darasa la saba bila kuvuka.

Fomu ya kuomba fedha ilitaka tutaje malengo ya maendeleo endelevu. Tukaandika 4.5, la elimu isiyombagua mwenye ulemavu, na 11.4, la kulinda urithi wa utamaduni na wa asili. Ofisini malengo haya hukaa kwenye mafaili mawili ya watu wawili wasiosalimiana. Kwetu yatakutana kwenye ngazi ya mashua.

Februari

Ramani ya mguso imekamilika. Ubao wa plaiwudi. Bahari imepakwa vanishi hadi ikateleza, nchi kavu ni mchanga uliogandishwa kwa gundi, mikoko ni nyuzi za katani, majengo ni vipande vya matumbawe vilivyookotwa pwani. Majina yako kwa nukta nundu, maandishi ya kusomwa kwa vidole, na kwa herufi kubwa za kawaida.

Wahariri wa ramani walikuwa watoto wasioona, na walihariri bila huruma. Waliamuru nusu ya vitu viondolewe, kwa sababu kidole hakiwezi kuruka kitu kama jicho linavyoruka. Kila kokoto lazima kilipitie. Vikabaki Gereza, ile ngome ya pale mashua zinapofikia, Msikiti Mkuu, jumba la masultani la Makutani, jumba lao jingine la Husuni Kubwa kwenye jabali upande wa mashariki, na njia inayoviunganisha. Naikubali zaidi ramani hii kuliko ile ya kitabuni.

Ukingo wa kisiwa tumeuzungushia utepe wa khanga. Ni kwa ajili ya kisa ambacho wazee wa hapa hukisimulia na ambacho kimo pia kwenye historia ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu karne ya 16: kwamba Ali bin al-Hasan, aliyetoka Shirazi, alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Mtoto wa darasa la nne akauliza aliyeuza alikuwa nani. Swali zuri kuliko yote ya mwezi huu. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta kwamba watu waliishi hapa tangu karne ya 9 au mapema zaidi, wakivua, wakifinyanga vyungu na kujenga kwa miti na udongo, muda mrefu kabla ya misikiti ya mawe. Na kisa chenyewe, ukikisikiliza vizuri, kinakiri: kisiwa kilikuwa na mwenyewe.

Machi

Mwezi wa fundi. Nitaandika kwa urefu kidogo, maana hapa ndipo lile sharti la Januari lilipopatiwa jibu.

Fundi wetu ni mzee aliyefanya kazi ya kukarabati kuta za magofu tangu ujana wake. Watoto humwita Babu. Siku ya kwanza baada ya shikamoo na marahaba alikaa kwenye kigoda, akatoa mfukoni mawe mawili na kuyapitisha mkono kwa mkono bila kusema neno. La kwanza jepesi, lina vitundu vidogo vilivyopangika. La pili zito, gumu, halina mpango. Akasubiri hadi yamerudi kwake. Ndipo akaeleza.

Jiwe jepesi ni tumbawe lililokatwa baharini likiwa bichi. Likitoka majini hukatika kwa shoka na huchongeka vizuri, kisha likikauka linakuwa gumu. Ndilo lililochongwa mihrabu, miimo ya milango na nakshi za Husuni. Jiwe zito ni la ardhini, tumbawe la zama za kale lililogeuka mwamba. Hilo hujaza kuta. Linalounganisha yote mawili ni chokaa, na chokaa nayo ni tumbawe lilelile, limechomwa juu ya magogo, likazimwa kwa maji, likaachwa shimoni lipoe na kulainika.

Watoto hawakukaribia chokaa hai. Inapozimwa hutokota na kuchoma ngozi na macho, na Babu hakutaka utani kwenye hilo. Walipewa chokaa iliyokwisha kukaa miezi shimoni, glavu mkononi, ndoo ya maji safi kando.

Wazo la kuta za kushikwa lilitoka kwake. Tulikuwa tunalumbana, mimi na mwenzangu wa kitengo, kama tuombe sharti lilegezwe. Babu akasema: "Ninyi mnataka kugusa ukuta wa zamani. Mimi nitawapa ukuta mpya wa zamani." Akajenga vipande vya ukuta vya kimo cha mtoto, nyuma ya darasa la kitengo, kwa mawe, mchanga na chokaa ileile. Kila kimoja kimeachwa wazi ubavuni ili mkono upite tabaka kwa tabaka: jiwe tupu, udongo wa chokaa, lipu ya kwanza yenye chembechembe, lipu ya mwisho laini iliyosuguliwa. Kimoja kina kidaka, kingine kina kona ya mlango wenye nakshi. Mahali pamoja ameweka saruji makusudi, ili ijulikane kwa nini haitakiwi magofuni: ni ngumu kuliko jiwe linaloizunguka, inafungia unyevu na chumvi ndani, na jiwe linaanza kumomonyoka pembeni mwake.

Watoto wanaoona nao wanafumba macho na kupitisha mikono. Hakuna aliyewaambia.

Jambo jingine la kuandika hapa. Vijana wanaojifunza kazi kwa Babu ni wachache na wengine wameacha, wamekwenda kuendesha bodaboda. Aliyebaki na kushika kazi ni kijana kiziwi aliyemaliza shule kwetu. Wanaelekezana kwa mikono na macho siku nzima, na sijaona bado kazi iliyosimama kwa kukosa mkalimani. Magofu haya yana wataalamu wengi wa kuyaandika kuliko wa kuyapiga lipu, kwa hiyo sioni huruma yoyote kwenye jambo hili. Fundi amepata mwanafunzi.

Aprili na Mei

Masika. Kuvuka hakuna, njia za Kisiwani ni tope. Tumekaa ndani na sarafu.

Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba, ndogo, zinazotosha ncha ya kidole. Moja yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala karne ya 14, ilipatikana Great Zimbabwe, kule zilikotoka dhahabu zilizoitajirisha Kilwa kupitia bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo. Nyingine ziliokotwa mwaka 1944 kwenye Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje huko. Watoto wana majibu yao. Mengi yana nyangumi ndani.

Lililotupatia kazi ya wiki nzima ni maandishi yake. Sarafu za Kilwa zina maneno yenye vina: upande mmoja unaanza, upande wa pili unaitikia. Ni ubeti wa kubebwa mfukoni. Basi kila mtoto akafinyanga sarafu yake ya udongo, kubwa kiasi cha kiganja, jina au maneno upande huu na kina chake upande ule. Ya msichana mmoja asiyeona, kwa nukta nundu, mizani nane kwa nane:

*Jina langu lashikika,*
*taa ikishazimika.*

Nimeiweka mezani kwangu kwa ruhusa yake.

Kwa watoto viziwi kina cha sauti hakina maana, na mwalimu wao hakutaka wapewe kazi ya kunakili. Akawauliza kinachofanana mikononi ni nini. Wakakaa wakatafuta alama zinazotumia umbo moja la mkono, zikitofautiana mahali na mwendo, wakazipanga jozi jozi: mkono uleule unaanza kifuani upande wa kwanza wa sarafu na kumalizikia kwenye paji la uso upande wa pili. Wakachora maumbo hayo kwenye udongo. Mtu asiyejua lugha ya alama atadhani ni mapambo. Kundi lote likajifunza kuzisoma, na kwa siku kadhaa hapakuwa na mchezo mwingine wakati wa mapumziko.

Somo la Historia ya Tanzania na Maadili lina nafasi ya mambo kama haya, ila vitabu vya nukta nundu havijatufikia. Tunajichapishia wenyewe, karatasi ni ghali.

Juni

Tumevuka.

Ratiba aliipanga nahodha, na mwalimu mkuu akaitia sahihi. Maji yakiwa yamekupwa, ngazi za gati zinabaki juu na mashua iko chini sana; na upande wa pili abiria hushuka majini na kutembea, au hubebwa. Kwa kitimwendo hali hiyo haiwezekani, na kwa msichana mkubwa wa darasa la saba kubebwa mgongoni na mwanamume ni fedheha ambayo haihitaji maelezo. Kwa hiyo tulisubiri siku za bamvua ambapo maji hujaa hadi mashua inalingana na gati, tukaondoka asubuhi kabla kusi haijachafua bahari. Nahodha alitengeneza ubao mpana wenye vizuizi pembeni. Kitimwendo kilipita juu yake na mwenyewe akiwa amekaa. Injini ilizimwa, tukatweka tanga, kwa sababu mmoja wetu mwenye usonji hawezi mlio wa injini. Gharama ya kuzima injini ni kuchelewa kidogo. Walimu ndio walionung'unika.

Kwenye Gereza hatukukaa sana. Ngome ilianzishwa na Wareno mwaka 1505 na ikajengwa upya zama za Waomani. Inasimama vizuri, inapigwa picha vizuri, na kila mgeni huanzia hapo. Watoto waliimaliza upesi.

Msikiti Mkuu ulikuwa na mambo zaidi. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya zamani, ya karne ya 11 hivi. Upanuzi mkubwa wa kusini, wenye matao na kuba, ulifanywa zama za al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, karibu na wakati msafiri Ibn Battuta alipopita hapa mwaka 1331, na ulitengenezwa upya karne iliyofuata. Chini ya matao kuna kivuli kizito. Mkalimani wa lugha ya alama haonekani vizuri, na mtoto kiziwi hawezi kutazama mikono na dari kwa wakati mmoja. Tulifanya hivi: maelezo yote yalitolewa nje, juani, kila mtu amekaa, ndani tukaingia kimya, kutazama tu, kisha tukatoka tena kwa maswali. Mwongozaji aliyezoea kusema huku anatembea alipata taabu mwanzoni. Baadaye akaniambia ataanza kuwafanyia hivyo hata watalii, kwa sababu kwa mara ya kwanza watu walitazama juu badala ya kumtazama yeye.

Na kimya hicho kiliwafaa wasioona. Chini ya kuba sauti hurudi mviringo, chini ya tao hurudi ndefu. Walipiga makofi hatua kwa hatua wakitutajia: tao, tao, kuba. Hakuna kanuni ya uhifadhi inayokataza makofi.

Njia ya kwenda Husuni Kubwa ni mchanga na mizizi, na kitimwendo hakipiti. Hilo tulilijua kabla, tukaliweka mbele ya watoto wakachague. Kundi moja likaenda kuona jumba la sultani na lile birika la pembe nane linalotazama bahari. Kundi la pili likabaki Makutani na kazi yake: kupima vyumba kwa kamba yenye mafundo. Vyumba virefu, lakini upana wake haupiti mita tatu hivi. Kwa nini? Waliotoka Husuni waliulizwa swali hilo na hawakuwa na jibu. Waliobaki walikuwa nalo: dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina urefu wake. Mti ndio uliopanga upana wa chumba cha sultani.

Julai

Boriti zilituletea mdahalo: je, ni sawa kulinda magofu kwa kukata mikoko?

Haukuwa mchezo. Chokaa inahitaji kuni nyingi, boriti ni mikoko, na tumbawe bichi ni mazalia ya samaki. Ukifuata njia ya zamani yote kama ilivyokuwa, unaokoa ukuta na kuumaliza ufuko unaoulinda. Mikoko Tanzania Bara ni hifadhi ya misitu, haikatwi bila kibali, na mizizi yake ndiyo inayovunja nguvu ya mawimbi chini ya Gereza na Msikiti wa Malindi, hapahapa Kisiwani. Mtoto wa mvuvi alisema babu zake walikata na mikoko ikaota tena. Mwenzake akamjibu kwamba babu zake hawakuwa wengi hivi. Sikuamua mshindi. Babu Fundi naye anachoma kwa magogo ya minazi iliyokufa na miembe iliyokauka, anatumia mawe yaliyoanguka, na tumbawe bichi hagusi.

Tukamalizia kwa kupanda. Mbegu ya mkoko ni ndefu, ina ncha, unaichomeka tu matopeni. Mkono unaojua kupapasa unafanya kazi hiyo kwa kasi kuliko wangu. Walioshindwa kuingia matopeni walichambua mbegu kwenye meza, zilizotobolewa na wadudu wakazitupa. Kamati ya mazingira ya kijiji imechukua zamu ya kuangalia miche.

Agosti

Watoto wameanza kuongoza wageni, wawili wawili, mmoja anaongea na mmoja anaashiria, au mmoja anaona na mmoja anashikisha sampuli za mawe. Wazazi walikuja kwanza. Halafu wakaja wenyeji wa Kisiwani, na hao hawakuja kupiga makofi. Walikuja na swali: hao wa Masoko wanafundishwa kuongoza wageni kwetu, na watoto wetu je?

Nilikuwa nimelitegemea, na bado lilikuwa zito. Watu wa Kisiwani wanaishi na magofu haya. Wanalima kando yake, mbuzi wao wanalala humo, akina mama wanasuka mikeka kwenye vivuli vya kuta. Mwanamke mmoja anayesuka ukili alikuwa amekaa na msichana pembeni. Umri wa kuwa darasa la tatu, haoni. Vidole vyake vinasuka bila kukosa. Hajawahi kwenda shule: kitengo kiko ng'ambo, kuvuka kila siku hawezi, na bweni limejaa. Nyumbani kwao ni mwendo mfupi kutoka Msikiti Mkuu.

Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi unataka mtoto asome karibu na kwao. Nimekaa na wazee wa Kisiwani mara mbili tangu siku hiyo. Tumekubaliana nafasi za waongozaji zigawanywe nusu kwa nusu, na kipande kimoja cha ukuta wa Babu kihamishiwe Kisiwani.

Septemba

Ukuta umevuka, kwa mashua, vipande vipande, bamvua ya mwanzo wa mwezi. Kijana wa Babu aliujenga upya peke yake, uani kwa shule ya Kisiwani. Babu alikaa chini ya mwembe akitazama na hakunyanyuka.

Yaliyobaki kabla ya kaskazi: karatasi za nukta nundu kwa vijitabu vya waongozaji; kurekodi kisa cha nguo kwa wazee watatu wanaokisimulia kwa namna tofauti, kila mmoja kwa ridhaa yake na nakala moja ibaki kwake; kupeleka video za alama za watoto kwa CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, ili watu wazima viziwi waziangalie kabla hazijaenea; ubao wa pili wa mashua, wa kwanza umeanza kupasuka.

Na barua ya bweni. Msichana wa Kisiwani amepimwa, fomu zimejazwa, ziko ofisi ya elimu. Wakati tunasubiri, mwalimu wa kitengo anavuka kila Alhamisi na bamba la nukta nundu. Nauli yake haimo kwenye bajeti. Nimeiandika chini ya "vifaa vya ujenzi", na mhasibu akiniuliza nitamweleza.